Video ileile, kila mtu kaona lake: maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi uliopita niligusia kidogo tu kwamba kamera nayo ina upande, na hapo ndo mkanivamia. Meseji zimeingia mpaka simu ikaganda. Kwa wasionijua, mi kazi yangu ni kuediti video, nimekata na kuunga za watu miaka kibao, kwa hiyo mengi ninayojibu hapa nayajua kwa sababu nimeyafanya kwa mkono wangu, mengine wakati huo wala sikujua kama nafanya kitu. Nimechagua barua sita na za saba nimezichanganya maana zilikuwa zinauliza kitu kimoja. Majina nimeyaacha.

*Mimi na dada yangu leo siku ya nne hatuongei, sababu ni video. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu, wanaume wawili wanabishana kwenye foleni, mmoja ana shati la bluu akamsukuma mwenzake akaanguka. Mimi naona kasukuma makusudi tena kwa hasira, dada anasema huyo kajikwaa tu mkono ukaenda. Kila mtu kaangalia kwenye simu yake zaidi ya mara kumi. Nani anaona vizuri?*

Kaka, kabla ya kujibu nilikuomba unitumie klipu yako na ya dada yako, ukatuma, asante. Sasa nikwambie, nyie hamjaangalia video moja. Yako ina sekunde 6, ya dada ina sekunde 23. Yako imepunguzwa mwendo, imevutwa karibu mpaka ina ukungu, kuna kiduara chekundu kinaufuata mkono, na inaanza pale ambapo mkono wa mwenye shati la bluu ushaanza kunyanyuka. Ya dada mwendo wake wa kawaida, na mwanzoni kabisa kuna mtu wa tatu anapita na begi kubwa linamgonga shati la bluu mgongoni. Hilo begi kwako halipo, limekatwa. Aliyekata labda hata hakuwa na nia mbaya, alitaka tu iingie kwenye stetasi, lakini kwa kukata zile sekunde za mwanzo kamwondolea mtu sababu na kumwachia kosa.

Tuje kwenye mwendo. Mwaka 2016 Eugene Caruso na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wao, watu walionyeshwa tukio lilelile, wengine kwa mwendo wa kawaida wengine kwa slomo, yaani mwendo uliopunguzwa, alafu wakaulizwa huyu alikusudia? Walioona slomo ndo waliosema kakusudia zaidi. Ukifikiria unaona kwa nini, nusu sekunde ukiinyoosha ikawa sekunde tatu basi akilini mwako yule mtu alikuwa na sekunde tatu za kuwaza, kama vile alisimama pale akapanga, wakati yeye mwenyewe alikuwa na muda wa kupepesa jicho tu basi. Na waliopewa zote mbili, ya kawaida na ya slomo, huko kuona kakusudia kulipungua ila hakukuisha. Watu wa mpira hili wanalijua, ndo maana utaratibu wa VAR, wale waamuzi wa kwenye video, unasema slomo itumike kuangalia vitu kama mguso umetokea wapi au mchezaji alisimama wapi, lakini ukali wa rafu, na kuamua kama mtu kaunawa mpira, hapo uangalie kwa mwendo wa kawaida. Sasa kama waamuzi wa kimataifa wanawekewa sheria kwa ajili ya slomo, we na simu yako kitandani saa sita usiku nani kakuwekea?

Na kuna jambo ambalo nyote wawili limewapita. Kamera ilikuwa nyuma ya yule aliyeanguka. Kwa hiyo muda wote tunaona sura ya shati la bluu tu, kakunja uso, jasho, huyo mwingine tunamwona kisogo. Hatujui alikuwa anacheka, anatukana, au analia. Mtu unayemwona uso ndo unayembebesha kila kitu kilichotokea. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Daniel Lassiter alianza kulichimba hili kwenye miaka ya 1980 akaendelea miaka mingi, alitumia video za watu wanaokiri makosa polisi. Mahojiano yaleyale, maneno yaleyale. Kamera ikimwelekea mtuhumiwa peke yake, watazamaji wanasema huyu kakiri kwa hiari yake. Kamera ikiwaonyesha wote wawili sawasawa, yeye na askari, wanaanza kuona alivyokuwa anabanwa. Hata majaji, watu wazima wenye uzoefu, aliwapima wakanasa humohumo. Halafu 2019 Caruso tena na wenzake wakaangalia kamera za polisi, ile anayoivaa askari kifuani na ile ya kwenye gari lake, wakakuta ukiangalia ya kifuani unaona askari hakukusudia sana, ukiangalia ya gari unaona kakusudia. Ya kifuani haimwonyeshi mwenyewe, inaonyesha mikono labda na vitu vinavyoruka ruka mbele yake, basi lawama inakosa mtu wa kumkalia.

Na hata mngeangalia ileile, pembe ileile, bado msingekubaliana, nakuambia. Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2007 iliamua kesi ya dereva aliyekimbizwa na polisi akagongwa akapooza, majaji wanane kati ya tisa wakasema video inajieleza yenyewe, wakaiweka hata kwenye mtandao kila mtu aione. Watafiti watatu wakaichukua wakawaonyesha Wamarekani kama 1,350. Wengi walikubaliana na mahakama, lakini wasiokubali hawakuwa wametawanyika ovyo, walifuata misimamo yao ya maisha na wanavyoiona serikali na polisi. We je, mtu akikusukuma kwenye foleni huwa unafanyaje? Na dada? Mi nadhani nusu ya ugomvi wenu ipo hapo.

Mpigie dada, mkae muangalie ile ya sekunde 23 kwenye simu moja, bila slomo.

*Mi huwa naangalia video bila sauti, niko kwenye usafiri au mtoto kalala. Lakini hata zile za lugha yangu, hata nikiwasha sauti, bado macho yanaenda kwenye maandishi ya chini. Ni tatizo?*

Sio tatizo dada, macho ndo yalivyo. Mwaka 1991 kule Ubelgiji Géry d'Ydewalle na wenzake walipima macho ya watu wakiangalia filamu, wakaona watu wanasoma maandishi ya chini hata kama lugha inayosemwa wanaijua vizuri tu. Maandishi yakitokea jicho linaenda, huulizwi. Hata Wamarekani ambao hawakuwa na mazoea ya maandishi hayo walisoma vilevile.

Shida inaanza pale maandishi yanaposema kitu ambacho picha haisemi. Unaona mtu anatoka mlangoni anakimbia. Juu imeandikwa "MWIZI AKITOROKA" basi ni mwizi. Ifute andika "kachelewa interview", sasa unamwonea huruma, mpaka unaona tai yake ilivyopinda. Miguu ni ileile. Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 walionyesha watu filamu za magari yakigongana alafu wakauliza yalikuwa na spidi gani, ila kitenzi wakabadilisha, wengine waliulizwa yalipo"gongana" wengine yalipo"pondana". Walioulizwa kwa neno zito walitaja spidi kubwa zaidi, na baada ya wiki moja wengi wao kuliko wenzao wakasema waliona vioo vimevunjika, vioo ambavyo havikuwepo. Sasa hapo neno lilikuja baada ya filamu. Kwenye simu neno linakuja kabla, limekaa juu ya picha kwa herufi nene za njano na linabaki pale mpaka mwisho. Hebu fikiria.

Na kinyume chake kipo, picha inayobeba maneno. 2012 kina Eryn Newman walionyesha kwamba sentensi ikiwekewa picha pembeni, hata picha isiyothibitisha chochote, watu wanaelekea zaidi kuamini ni kweli. Yaani unasoma habari ya korosho, pembeni kuna picha ya korosho, ubongo unasema eeh kumbe. Zile video za "ukweli 5 usioujua" zimejengwa juu ya hili tu, sauti inasema lolote, picha za anga na mawimbi zinapita nyuma.

Ukiwa na muda, weka kidole gumba juu ya maandishi uangalie mara ya kwanza bila kusoma. Utajisikia mjinga kidogo, ila fanya.

*Nina ukurasa wa ushonaji, nafundisha kwa video fupi. Ile ya kubadilisha zipu ya suruali imepata watazamaji wengi kuliko zote, komenti zimejaa "nimeelewa dada asante" alafu haohao wananitumia picha za zipu imepinda kama nyoka. Nimekosea wapi?*

Fundi, swali lako limenifurahisha kuliko yote maana wengi wanauliza jinsi ya kupata watazamaji, we unauliza kama wameelewa.

Kwanza usijilaumu sana. Michael Kardas na Ed O'Brien walichapisha utafiti 2018, waliwaonyesha watu video ya mtu anavuta kitambaa cha meza kwa ghafla vyombo vinabaki. Wengine waliona mara moja, wengine mara 20. Walioona mara 20 walikuwa na uhakika zaidi kwamba na wao wanaweza. Walijaribu pia vitu kama kurusha vishale na ile dansi ya kurudi nyuma, watu wakapewa nafasi wajaribu kweli, na kumbe kuangalia sana hakukuwasaidia kufanya vizuri, kuliwapa kujiamini tu. Kwa hiyo "nimeelewa dada" sio uongo, wamejisikia kuelewa. Video ikiwa laini, imekatwa vizuri, mikono ya fundi haisiti, yule anayeangalia anaazima ule ulaini anadhani ni wake.

Sasa nimeiangalia video yako fremu kwa fremu, na nitakwambia nilichokiona usinikasirikie.

Sekunde ya 9 unashika zipu mpya, sekunde ya 11 tayari imeshonwa upande mmoja. Katikati pale kuna kubana kwa pini, kuna kulinganisha meno ya zipu na mstari wa pindo, kuna kubadilisha mguu wa cherehani uweke ule mwembamba wa zipu, vyote umevikata kwa sababu vinachosha. Kweli vinachosha! Lakini zipu inapindia palepale. Mtazamaji haoni pengo, kwa sababu mkato ukiwa mzuri jicho linauruka, muziki unaendelea, nguo iko palepale mezani, yeye anaona umeshika kisha umeshona basi. Mi nimelipwa miaka mingi kuficha mikato, najua inavyofichika. Kwenye video ya kufundisha mkato unatakiwa uonekane, weka hata skrini nyeusi nusu sekunde, au andika "dakika 4 baadaye". Hapo mtu anajua kuna kazi imepita.

Pili, umeweka kamera mbele yako. Sisi tunakuona umekaa unatutazama, umependeza, lakini mkono wako wa kulia uko kushoto kwetu, na zipu unaishona kuja kwako sisi tunaiona inaondoka. Mwanafunzi akikaa kwenye cherehani lake inabidi aigeuze picha yote kichwani na hapo wengi ndo wanapotea. Logan Fiorella na wenzake mwaka 2017 walijaribu hili kwa kuunganisha vifaa vya umeme, waliofundishwa kwa video iliyopigwa kwa macho ya mfanyaji mwenyewe walifanya vizuri kuliko waliokaa upande wa pili wa meza. Weka simu juu ya bega lako au ning'iniza juu ya meza. Najua sura yako haitaonekana na sura ndo inaleta laiki, basi anza na sura sekunde tatu alafu panda juu.

Tatu, yale maandishi. Unasema "pindua sentimita moja na nusu", wakati huohuo neno kwa neno limeandikwa katikati ya skrini, na chini ya hayo maandishi ndo kuna vidole vyako vinapindua. Jicho ni moja bwana. Tumeshasema likiona maandishi linaenda, kwa hiyo muda wote unapindua watu wanasoma neno kupindua. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California Santa Barbara kaandika sana juu ya haya, picha na sauti vinasaidiana vizuri, ukirudia tena maneno yote kwa maandishi juu ya picha unamgawanya mtu. Acha namba tu, "1.5 sm", na mshale unaoonyesha ni wapi, uweke pembeni ya kidole. Usiiweke kulia kabisa wala chini kabisa maana huko ndo vimekaa vitufe vya laiki na jina lako.

Muziki punguza. Urefu usiogope sana, watu wanasema sekunde 15 sekunde 15, mi nasema zipu ina urefu wake. Utafiti mkubwa wa video za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, uliotoka 2014, ulipitia vikao milioni 6.9 vya kuangalia video, ulikuta watu wanadumu vizuri mpaka kama dakika sita hivi. Hiyo ni kudumu kuangalia, kuelewa ni hesabu nyingine. Na walikuta pia kitu kizuri, masomo ambayo mkono unachora huku mtu anaongea yaliwashika watu kuliko silaidi tupu. We tayari una mkono, una kitambaa, una chaki, shida yako ni pale ulipoiweka kamera.

Ukirudia nitumie, nina suruali yenye zipu mbovu nitajifunzia.

*Kwenye video watu wamebanana kabisa, kwenye nyingine ya eneo hilohilo siku hiyohiyo naona wametawanyika. Moja ni feki?*

Inawezekana zote ni za kweli. Lenzi. Ukisimama mbali ukavuta kwa lenzi ndefu, walio mbele na walio nyuma wanaonekana wamegandana. Ukisogea na lenzi pana, ile ya kawaida ya simu, nafasi kati yao inafunguka. Aprili 2020 wapiga picha wawili wa Denmark, Ólafur Steinar Gestsson na Philip Davali, walipiga foleni zilezile na watu walewale mitaani Copenhagen kwa lenzi mbili tofauti, wakati ule wa corona watu walikuwa wanagombezwa kwamba hawaachi umbali. Kwa lenzi ndefu unaona watu wamekaliana shingoni, kwa lenzi pana, na kamera imewekwa pembeni au juu, kuna mita kadhaa kati ya mtu na mtu. Ukitaka kujua watu ni wangapi kweli tafuta picha iliyopigwa kutoka juu, hizo zingine hata usihesabu.

*Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 71, vijana wangu wananiambia nadanganyika na video. Mimi nimeona kwa macho yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Jicho langu likoje liwe shahidi wa uongo?*

Shikamoo mzee wangu. Jicho lako zima kabisa, na vijana wako nao wanadanganyika sana tu, waambie nimesema mimi.

Mzee kuna jaribio moja la 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris. Watu wanaonyeshwa video, kuna wachezaji wa nguo nyeupe na wa nguo nyeusi wanapasiana mipira, wakaambiwa hesabu pasi za weupe. Katikati anaingia mtu kavaa ngozi ya sokwe, anasimama, anajipiga kifua, anaondoka. Karibu nusu ya waliokuwa wanahesabu hawakumwona. Sokwe mzima! Nao waliona kwa macho yao. Jicho linaona kile lilichotumwa, na kwenye simu anayelituma ni yule aliyeweka mshale mwekundu na neno "ANGALIA HAPA".

Hata sikio linatiwa maneno na jicho. Harry McGurk na John MacDonald 1976, walichukua sauti ya mtu anasema "ba" wakaiweka juu ya midomo inayotamka "ga", watu wengi wakasikia "da", ambayo hakuna aliyeisema. Ukifumba macho inarudi "ba". Kwa hiyo video ikikupa wasiwasi mzee, fumba macho uisikilize, kisha zima sauti uitazame. Vitu viwili vikigombana utagundua.

Na usifikiri lazima iwe imetengenezwa na kompyuta. Mei 2019 ilisambaa video ya Nancy Pelosi, spika wa bunge la Marekani wakati ule, anaongea kama mlevi. Walichofanya ni kupunguza mwendo ukawa kama asilimia 75 ya kawaida, na sauti wakairekebisha isiwe nzito. Hicho hata mjukuu wako anaweza kwa simu. Na nyingine wala hazijaguswa kabisa, zimehamishwa tu. Novemba 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ya Czech, inatengeneza gemu la vita linaitwa Arma 3, ilibidi itoe tamko kwamba klipu za gemu lao zinasambazwa kama vita vya kweli. Ukiangalia hizo klipu ni usiku, giza, kamera inatikisika, picha mbovu mbovu. Ule ubovu ndo unaosaidia, maana sisi tumeshazoea kwamba mtu wa kweli aliyeogopa anapiga video mbovu. Picha safi tunaishuku, picha chafu tunaiamini, na hili mzee linanikera mimi kuliko yote kwa sababu kuichafua picha ni kazi ya dakika moja, kuna filta za hivyo.

*Kuna hizi video mtu anaweka uso wake pembeni anaangalia klipu ya mwingine, hasemi chochote, anatazama tu. Najikuta nakasirika kabla sijajua klipu inahusu nini. Uso wa mtu una uchawi gani?*

Wewe ndo umeniamsha usiku. Karne moja iliyopita kule Urusi Lev Kuleshov anasimuliwa kwamba alichukua uso wa mwigizaji mmoja, Ivan Mosjoukine, uso mkavu usio na hisia, akaunganisha na sahani ya supu, kisha uso uleule na jeneza, kisha uso uleule na mwanamke. Watazamaji wakasifia jinsi anavyojua kuigiza njaa, huzuni, tamaa. Filamu yenyewe ya jaribio haipo leo na simulizi zinatofautiana kidogo, lakini wahariri wote tunakula kwa hilo hadi kesho. Uso mtupu ni chombo, unajaa kilicho jirani yake.

Hao wa pembeni kazi yao iko hivyo ila kwa kugeuza. Wao wanaanza na uso wenye jibu, kakunja kidogo tu nyusi, kashika kidevu, na huo uso upo kwenye fremu ya kwanza kabla klipu haijaanza. Wewe unaangalia klipu ukiwa ushaambiwa ni ya kukasirikia.

Nitakiri kitu. Miaka hiyo naanza kazi nilipewa mahojiano niyaediti, mgeni kaongea dakika 40, sisi tunataka nane. Kila nilipokata jibu lake katikati ilibidi nizibe mkato, na cha kuzibia ni uso wa mwenye kipindi anatikisa kichwa. Zile kutikisa kichwa zote tulizipiga mgeni akiwa ameshaondoka, mwenye kipindi kakaa anatazama kiti kitupu. Moja ilitoka vibaya, mdomo umepinda kidogo kama mtu asiyeamini, ilikuwa ni kwamba taa inamuumiza macho, mi nikaipenda kwa sababu ilikuwa na uhai nikaiweka pale mgeni anapoeleza alivyopoteza kazi. Ilipotoka watu wakaandika, "hata mtangazaji hakumwamini". Mgeni alipiga simu kuuliza, "kwani mimi nilikosea wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Nilibadilisha, nikaweka uso mwingine, na huo nao ulikuwa wa kiti kitupu.

Kwa hiyo dada, ziba ule uso wa pembeni kwa kiganja, angalia klipu, kisha fungua. Saa nyingine utakuta unakubaliana naye kabisa, sawa, lakini sasa ni hasira yako.

Wale wengine mlioniuliza kuhusu rangi, nimewachanganya pamoja. Ndio, rangi inasema. Bluu na kijivu kila kitu kinakuwa baridi na cha mashaka, njano inaleta joto na vumbi, ndo maana filamu za Hollywood zimelalamikiwa miaka mingi kwamba zikifika Mexico jua linageuka njano kama kuna ugonjwa. Kamera ikiwa chini inamtazama mtu juu anakuwa mkubwa, ikiwa juu anakuwa mdogo. Simu nazo usiku zinang'arisha zenyewe bila kuombwa, unaona mtaa una mwanga wakati aliyekuwepo alikuwa hajioni hata vidole. Haya madogo madogo mi naona yanafanya kazi zaidi pale ambapo hamna maandishi wala uso, vikiwepo hivyo viwili rangi inakaa nyuma.

Wakati nafunga ukurasa huu yule kaka wa kwanza kaniandikia. Wamekaa na dada, wameangalia ile ndefu kwenye simu moja, begi wameliona wote wawili. Sasa wanabishana kama mwenye begi alikusudia, na wanataka niwatafutie video iliyopigwa kutoka upande wa pili.